Muulize Fundi: Taa ya ngazi inayongoja ruhusa ya ng'ambo

SWALI

Ami Fundi, assalaam alaikum. Naandika kutoka Kuze, Mji wa Kale. Dadangu aliyeolewa Ujerumani alipokuja Idi alituletea kisanduku cheupe cha kuongozea vitu vya nyumbani, balbu nne na vihisi viwili vya kugundua mtu akipita. Tuliviweka kwenye ngazi kwa sababu ya mama. Magoti yake hayana nguvu, na ngazi za nyumba zetu za zamani unazijua: nyembamba, zimesimama wima, giza lake ni lile lile mchana na usiku. Mama akipita taa inawaka yenyewe. Alifurahi sana.

Shida ni intaneti. Ikikatika, mama anapita na taa haiwaki. Juzi alisimama katikati ya ngazi akiita watu. Nikafungua programu ya simu, ikaniambia kifaa hakipatikani, na kisanduku ki mbele ya macho yangu kimewaka taa yake ya buluu! Kijana wangu amesoma habari za Home Assistant, anasema ni programu ya bure ya kuongozea vifaa vya nyumbani, haihitaji intaneti, na twaweza kuipakia ndani ya kisanduku hiki. Nikaenda kwa fundi wa simu Digo Road, akaniambia kisanduku kimefungwa na kampuni, hakifunguki, ninunue kingine. Nimetoa kifuniko nikapiga picha ya ndani, nakutumia. Laptopu ya zamani ya mume wangu ipo nyumbani, haina kazi. Nifanyeje?

Mama wa watatu, Kuze

JIBU

Waalaikum salaam, mwanangu. Mpe mama pole, na mpaka tumalize kazi hii mwekee tochi juu ya ngazi na nyingine chini.

Picha yako nimeitazama kwa miwani na bila miwani. Kijana wako amekosea jambo moja na fundi wa Digo Road amekosea jingine. Home Assistant haingii kwenye kisanduku hicho hata uisukume. Lakini kisanduku chenyewe kinafunguka, na kikishafunguka kina kazi nzuri ya kukufanyia.

Ile chipu kubwa katikati ya ubao imeandikwa RTL8196E, ni ya Realtek. Pembeni pana kibao kidogo kilicholehemiwa juu ya kikubwa: hiyo ndiyo redio ya Zigbee, lugha ya redio ambayo vihisi na balbu zako zinazungumza, na chipu yake ni EFR32 ya Silicon Labs. Jina lililo juu ya kifuniko sitalitaja, ila matumbo yake ni yale yale ya kisanduku cha Silvercrest kilichouzwa na maduka ya Lidl huko Ulaya. Hicho kimefunguliwa kitambo. Mhandisi mmoja, Paul Banks, alikipasua akaeleza njia nzima hadharani, hatua kwa hatua, na wengi wakaifuata. Kwa hivyo fundi akikwambia "hakifunguki", mara nyingi maana yake ni "mimi sijakifungua".

Sasa kwa nini Home Assistant haingii. Kisanduku cha aina hii kina RAM ya megabaiti 32 na hifadhi ya megabaiti 16. Watengenezaji wa Home Assistant wanapendekeza RAM ya gigabaiti 2, ambayo ni mara 64 ya hiyo, na diski ya gigabaiti 32. Programu hiyo iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013 imeandikwa kwa lugha ya Python, inatunza kumbukumbu za kila tukio, inachora grafu, inazungumza na vifaa vya kampuni nyingi mno. Tangu 2024 iko mikononi mwa Open Home Foundation, wakfu ulioko Uswisi uliowekwa ili mradi usije ukauzwa. Watu wa Mombasa hatuna haja ya kuelezwa mali ya wakfu ni nini. Lakini wakfu au si wakfu, megabaiti 32 hazitoshi.

Tazama kinachotokea mama anapoweka mguu kwenye ngazi. Kihisi kinamwona, kinapiga kelele kwa redio ya Zigbee. Redio inaipokea, inaipa ile chipu ya Realtek. Kwa unavyonieleza, chipu hiyo haiamui lolote: inaibeba habari hadi seva ya kampuni ng'ambo, seva inasema "washa", amri inarudi baharini hadi Kuze, balbu inawaka. Ni karani asiyeweza kufungua droo ya meza yake bila barua kutoka makao makuu. Intaneti ikiwa nzima hulioni hilo, maana safari yote ni chini ya sekunde. Ikikatika, karani anakaa na ufunguo mkononi.

Na kukatika si lazima kuwe kwa ruta yako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaanza kutambaa. Hizi nyaya zinatua hapa hapa Mombasa. Seacom na mwenzake TEAMS, waya mwingine wa baharini, ziliingia mwaka 2009. Tumelala mlangoni mwa intaneti ya nchi, na bado taa ya ngazi inaomba ruhusa.

Dawa yake ni kuutoa uamuzi ng'ambo na kuuweka ndani ya nyumba. Laptopu ya mume wako iwe ndiyo yenye akili. Kisanduku kibaki redio tu: kisikie vihisi, kiipe laptopu, kipokee amri ya laptopu, kiwashe balbu. Kazi hiyo megabaiti 32 zinaimudu.

Kukifungua ni hivi. Kisanduku kinakula volti 5 kupitia mlango wa micro-USB, kwa hivyo ndani hamna stima ya kuua mtu. Hilo nalisema kwa sababu kijana akishaonja atataka kufungua na soketi erevu. Asithubutu kuunganisha soketi na kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani! Nyingi kati yake hazijatenganisha saketi ya ndani na umeme wa ukutani. Waya unaouona wa "chini" unaweza kuwa umebeba volti 240, na zitapitia kompyuta hadi kwenye vidole vyake.

Kwenye ubao wa kisanduku utaona safu ya matundu madogo yasiyo na kitu. Hapo ndipo kiwandani walipozungumza nacho. Unahitaji matatu tu: GND (waya wa chini), TX (wa kutuma) na RX (wa kupokea). Tundu la 3.3V liache, kisanduku kitapata nguvu kwenye USB yake. Nunua kiunganishi cha USB kwenda siriali, chenye chipu ya CP2102 au CH340, na ukikague kwanza kwamba kimewekwa volti 3.3, si 5. Vingi vina kijipini cha kuchagua, na dukani huja kimekaa popote. Volti 5 kwenye mguu wa volti 3.3 hazitoi moshi wala harufu, zinaua kimya kimya, nawe utakaa siku nzima ukilaumu programu.

Kulehemu waya tatu ni kazi ndogo. Rudi kwa yule fundi wa Digo Road. Chuma cha kulehemu anacho na mkono wake ni mwepesi kuliko wa kijana wako. Usimwambie afungue kisanduku, mwambie alehemu nyaya tatu, umlipe hiyo. TX ya kisanduku inakwenda RX ya kiunganishi, na RX inakwenda TX. Watu huziweka sambamba halafu wanashangaa skrini tupu.

Mwendo wa mawasiliano (baud) ni 38400. Fungua programu ya siriali kwenye kompyuta, shika kitufe cha ESC, kisha chomeka umeme wa kisanduku. Ukiwahi, badala ya kuendelea kuwaka kitasimama na kukuandikia <RealTek>. Umeingia mlangoni. Nenosiri la akaunti kuu halijaandikwa wazi popote. Limesimbwa ndani ya kumbukumbu, na amri nne fupi zinakuonyesha vipande vyake. Vipande hivyo unavilisha skripti ndogo ya Python aliyoiandika Paul Banks, nayo inakutolea nenosiri. Kila kisanduku kina lake, la jirani halitakufaa.

Ukishaingia usiguse kitu kabla ya kuchukua nakala ya hifadhi yote. Megabaiti 16 ni ndogo kuliko picha chache za harusi, hakuna sababu ya kuruka hatua hii. Ndipo uweke programu ndogo iitwayo serialgateway, inayopitisha habari za redio kwenye mtandao wa nyumba. Faili inayoanzisha programu ya kampuni inabadilishwa jina, haifutwi, na nyingine fupi inakaa mahali pake. Kuanzia hapo kisanduku hakitapiga hodi kwa seva ya mtu. Kitakaa kwenye mtandao wa nyumba, mlango (port) namba 8888, kikingoja kuulizwa.

Laptopu sasa. Home Assistant OS inaingia kwenye kompyuta nyingi za kawaida zenye UEFI, yaani mfumo wa kuwashia wa kisasa, lakini inafuta diski nzima. Nakuomba, kabla ya chochote, muulize mume wako kama picha na hati zake zimo humo. Laptopu isiyo na kazi ya leo ndiyo inayokuwa na hati ya shamba kesho. Kama hataki ifutwe, weka Linux ya kawaida pembeni na uendeshe Home Assistant ndani ya kontena ya Docker, yaani chumba chake pekee ndani ya kompyuta hiyo. Ni kazi zaidi kidogo, lakini inafanya kazi. Betri ya laptopu hata ikiwa imechoka itaivusha kwenye zile dakika stima inapotikisika, na hilo ni jambo vibao vidogo kama Raspberry Pi havina. Stima ikipotea kabisa balbu nayo haitawaka, hapo ni tochi.

Ndani ya Home Assistant, ongeza ZHA, sehemu yake inayozungumza na vifaa vya Zigbee, chagua redio ya aina ya EZSP, lugha ya chipu za Silicon Labs, na kwenye njia ya kifaa andika socket:// ikifuatwa na anwani ya kisanduku na :8888. Kwenye ruta hakikisha anwani hiyo haibadiliki. Kijana wako akiambiwa na wenzake kwamba Zigbee2MQTT, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ni bora kuliko ZHA, huenda ni kweli kwao, ila toleo lake la sasa linataka redio yenye programu mpya kuliko iliyomo humo. ZHA haina makuu. Balbu na vihisi vyote itabidi uviunganishe upya kimoja kimoja, kwani mtandao wa zamani umekufa. Kihisi unashika kitufe chake mpaka kitaa kipepese. Balbu nyingi unaziwasha na kuzizima mara kadhaa hadi zijikonyeze.

Kuna sababu nakushauri utaabike na kisanduku badala ya kununua kijiti cha Zigbee cha USB, ambacho ningemshauri mtu wa ghorofa mpya Nyali bila kufikiri mara mbili. Kuta zenu. Mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa kutosha paka kulala dirishani. Nilikuwa fundi wa redio za meli Kilindini kabla ya kustaafu, na nakwambia mawimbi ya 2.4 GHz hayapendi ukuta wa namna hiyo, hasa ukiwa umekunywa unyevu wakati wa masika. Kijiti kingekaa kwenye laptopu, na laptopu itakaa sebuleni. Kisanduku chako kinatumia kebo ya mtandao: vuta kebo mpaka kwenye kibaraza cha ngazi, kikae hapo penye kazi. Kebo haijui jiwe.

Balbu za Zigbee zinazopata umeme muda wote zinapokezana habari, moja inampa mwenzake. Vihisi vya betri havifanyi hivyo. Kwa hivyo mpangilio wako wa balbu nne kwenye ngazi ni mtandao mzuri tayari, kwa sharti kwamba mama asizime swichi ya ukutani. Najua atazima. Kina mama wa Mombasa wameishi na bili za stima na sasa tokeni, mkono unakwenda kwenye swichi wenyewe. Akizima, balbu inakufa kabisa, na iliyo juu yake inaweza kupotea nayo. Ziba swichi hiyo kwa kifuniko, umbandikie karibu yake kitufe cha Zigbee cha betri akibonyeze atakavyo.

Chagua chaneli mapema, kabla ya kuunganisha kifaa cha kwanza. Wi-Fi yako na ya majirani zinajazana kwenye chaneli 1, 6 na 11. Zigbee ina chaneli 11 hadi 26, hesabu yake ni tofauti. 15, 20 na 25 zinaangukia kwenye nafasi zilizobaki. Kuze nyumba zimegusana, ruta za watu watano unaziona kutoka kitandani. Anza na 25.

SWALI

Fundi, salaam. Mimi ni msimamizi wa nyumba za wageni Bamburi. Mwenye nyumba anaishi Marekani, na miaka ya nyuma alileta habu ya huko, yaani kisanduku cha kuongozea vifaa, pamoja na soketi na kufuli za mlango za Z-Wave, redio nyingine ya kazi kama ya Zigbee. Kampuni ilizima seva zake, habu imebaki pambo. Nimeona watu mtandaoni wakizifungua habu kama hizi na kuendesha programu huria. Nianze?

Msimamizi, Bamburi

JIBU

Bado. Habu si yako, ni ya mwenye nyumba. Mpigie simu, akuandikie ujumbe kwamba amekubali. Kufungua kifaa chako mwenyewe ni jambo moja. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini yake ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, na hapo unazungumzia kufuli za vyumba wanavyolala wageni. Ujumbe mmoja wa WhatsApp utakutoa kwenye mashaka.

Akikubali, bado Z-Wave yake usiiwashe. Zigbee ni 2.4 GHz dunia nzima, lakini Z-Wave inabadilika kwa nchi: ya Marekani inatumia 908.42 MHz, ya Ulaya 868.42. Hapa kwetu 908 iko katikati ya masafa ambayo simu za GSM 900 zinatumia kuzungumza na mnara. Habu yako itakuwa inapiga kelele kwenye njia ya simu za watu, na simu zitakuwa zinaizima habu yako. Kufuli inayosikia amri mara moja kwa mara tatu si ya kuwekea mgeni. Kufungua programu ya ndani hakubadilishi hilo, kwani saketi za redio na antena zilitengenezwa kwa masafa yale.

Soketi za Marekani nazo ni za volti 120. Kwetu ni 240. Sihitaji kuendelea.

Kama habu ina na Zigbee, sehemu hiyo inafaa, na ushauri niliompa mama wa Kuze unakuhusu: usiipakie akili, ifanye redio. Ila kila habu ina mlango wake, na nyingine hazina. Za kampuni ya Wink zilikuwa na tundu mashuhuri: kundi la GTVHacker lilionyesha namna ya kuzifungua kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON mwaka 2014. Hukuniandikia yako ni ipi.

Mwambie mwenye nyumba asijione peke yake. Habu ya Revolv ilinunuliwa na kampuni ya Nest mwaka 2014, na tarehe 15 Mei 2016 ikazimwa, kifaa cha dola 299 kikawa cha kushikia karatasi. Wink mwaka 2020 iliwatangazia wateja wake ada ya dola 4.99 kwa mwezi kwa kitu walichokwisha kukilipia. Seva za kampuni ya Insteon zilinyamaza Aprili 2022 bila taarifa, watu wakaamka taa haziwasikii. Baadaye kundi la wateja wenyewe likainunua na kuirudisha. Waungwana zaidi walikuwa maduka ya Lowe's ya Marekani: walipoufunga mfumo wao wa Iris tarehe 31 Machi 2019, waliachia msimbo wake uwe huria. Mnunuzi wa habu leo angeuliza hilo kabla ya kuuliza rangi.

SWALI

Fundi, habu yangu niliifungua mwenyewe mwaka jana, ikafanya kazi vizuri sana, sasa inajizima na kujiwasha. Nikiitazama ndani, karibu na zile nyaya nilizolehemu pana ukungu wa kijani. Nakaa Likoni, nyumba inatazama bahari.

Msomaji, Likoni

JIBU

Jibu umeliandika mwenyewe kwenye mstari wa mwisho. Hiyo ni chumvi imekula shaba. Flaksi ya lehemu ukiiacha bila kuisafisha inanyonya unyevu, unyevu wa kwetu una chumvi, na kati ya miguu miwili iliyokaribiana panajengeka njia ya umeme isiyotakiwa. Kampuni iliupaka ubao wake rangi ya kinga kiwandani. Pale ulipolehemu kinga hiyo haipo.

Chomoa umeme. Sugua kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili, ya asilimia 90 au zaidi, si ile ya kupaka kidonda iliyochanganywa maji. Acha ikauke kabisa. Nyaya za siriali zitoe, kazi yake ilikwisha siku ulipoingia. Kuziacha zinaning'inia nje ya kifuniko ni kuikaribisha chumvi ndani. Kisha paka pale ulipolehemu vanishi ya saketi. Wasiokuwa nayo hupaka rangi ya kucha isiyo na rangi, nami sijaona ikileta madhara kwenye volti 3.3. Usiigusishe kwenye antena wala kwenye moduli ya redio.

Kama bado inajizima, badilisha adapta ya umeme kabla ya kulaumu ubao. Adapta za bei ya bure hushuka volti zikipata joto, na ndani ya kabati Likoni mwezi wa pili kila kitu kina joto.

SWALI

Ami Fundi, nimeshaweka Home Assistant kwenye kompyuta ya zamani na habu yangu inaitii. Nafanya kazi Changamwe, nataka nikiwa kazini nione kama pampu ya kisima imezima na tangi la juu limejaa. Rafiki yangu ameniambia nifungue mlango (port) 8123, ule wa Home Assistant, kwenye ruta. Nimefungua lakini sifiki nyumbani. Nimekosea wapi?

Kijana wa Tudor

JIBU

Hukukosea, umeokoka. Ufunge sasa hivi.

Hukufika kwa sababu kampuni nyingi za intaneti hazikupi anwani yako mwenyewe ya nje. Unagawana moja na wateja wengine, na ruta yako iko nyuma ya ruta yao. Mlango ulioufungua unatazama ukuta. Ungekuwa unatazama barabara, baada ya muda mfupi mashine za watu usiowajua zingekuwa zinajaribu manenosiri kwenye nyumba ya mamako usiku kucha, na pampu yenu ya kisima ingekuwa mikononi mwa atakayebahatisha.

Njia ya kistaarabu ni kuweka Tailscale, programu ya mtandao wa siri kati ya vifaa vyako, kwenye Home Assistant na kwenye simu yako. Inatumia teknolojia ya WireGuard, inasimba mawasiliano mwanzo hadi mwisho, inapita nyuma ya ruta ya kampuni bila kufungua mlango wowote, na kwa matumizi ya mtu binafsi ni bure. Au ulipie huduma ya kufikia nyumbani ukiwa mbali ya Nabu Casa, kampuni iliyoanzishwa na watu wa Home Assistant wenyewe; pesa hizo ndizo zinazowalipa wanaoandika programu. Ukiwa na uwezo mimi ningechagua hiyo.

Jambo moja kuhusu pampu. Usiruhusu uzimaji wake utegemee Home Assistant peke yake. Kompyuta ikikwama saa nane usiku pampu itaendelea, tangi litafurika, au kisima kitakauka na pampu itaungua ikizunguka bila maji. Weka boya la kawaida la kukata umeme ndani ya tangi, lile la waya mbili linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya maji, lifanye kazi hata kompyuta ikiwa imelala. Home Assistant ikuonyeshe kiwango na ikuletee ujumbe Changamwe, boya ndilo likate. Na soketi erevu ya ampea 10 usiibebeshe pampu moja kwa moja. Mota ikianza inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na ncha za rilei, swichi iliyo ndani ya soketi, hugandana. Utaamuru "zima", simu itakuonyesha imezima, na pampu itakuwa inanguruma. Tumia kontakta, yaani swichi kubwa ya kubebea mota, soketi iwashe kontakta tu, na kazi ya kuiunganisha mpe fundi wa stima mwenye leseni.